Mine za Kibutare

Kabla sijaanza, nina swali. Ni mtu gani alifungia nyumba arobaini na mbili mlango wa kilima chao, akazuia waasi wasipande, akazuia jeshi lisipande, akazuia hata wezi wa mbuzi, kwa miaka kumi na tisa, na silaha yake ilikuwa jembe lenye mpini uliovunjika?

Fikirieni. Mukishindwa semeni mapema, nisizeeke zaidi nikiwangojea.

Ni mimi. Mimi Élisabeth, mjane wa Ézéchiel, ambaye leo kartie nzima, huu mtaa wetu wa Goma, inaniita Koko, bibi wa wote. Nilisoma kwa masista mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi, na nawaambia ukweli: kama nisingejua kusoma, mambo haya yasingetokea.

Kibutare ni kilima chetu kule Masisi. Unapita Sake, unapanda, unaacha barabara, halafu unatembea mpaka magoti yaanze kukusemesha. Udongo wake ni mwekundu, na mvua ikinyesha mto unageuka rangi ya mafuta ya mawese. Ni kwa sababu ya chuma. Bazungu walichimba chuma pale wakati baba yangu alikuwa kijana, kisha wakaondoka bila kuaga, wakaacha shimo lenye vyura, vigari viwili vimelala ubavu, na bati refu kwenye nguzo mbili pale njia inapoanza kupanda. Kwenye bati hilo ndipo nilijifunza herufi zangu, kabla masista hawajanipata. Lilisema: MINES DE FER DE KIBUTARE. Baadaye majani ya kutambaa yalilifunika, na watu wakasahau kama kuna bati.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shida ilizaliwa. Lile neno la kwanza, Wafaransa wanalisoma "min". Kwao lina maana ya mahali pa kuchimba, na fer ni chuma. Lakini sisi wa Kivu, mahali pa kuchimba tunapaita kariere. "Mine" tunajua moja tu, ile bomu inayofukiwa chini ingojee mguu wako.

Mwaka 1994 wakimbizi walivuka mpaka kama maji, wakajaa bondeni. Mwaka 1996 vita ikaja kuwatafuta, na vita haiulizi nani mgeni nani mwenyeji. Siku tulipokimbia, mvua ilikuwa inapiga. Nilikuwa na kapu la maharagi ya mbegu kichwani, maharagi ya mama yangu, yale ya madoa, na hayakuwa na kifuniko. Pale chini ya njia nikaona nguzo mbili na majani. Nikakumbuka bati. Nikang'oa majani, nikapiga kwa jembe pale kutu ilipokula, mpini ukavunjika, na bati nalo likavunjika vipande viwili. Ningeweza kuchukua kipande kifupi, kingetosha. Lakini nilisoma. Kipande kirefu kilikuwa na jina la nyumbani. Nikasema, Élisabeth, kama hautarudi, angalau uende na jina. Nikafunika maharagi na DE FER DE KIBUTARE, nikashuka mbio.

Nyuma yangu, kwenye nguzo moja, limesafishwa na mvua, likabaki neno moja.

Hata mwezi haukupita, Zéphirin, katekista wa bonde la chini ambaye leo ni prezida wa chama chetu cha waliokimbia, akatuletea habari pale Goma. "Kibutare pamekwisha. Basoda walifika, wakasoma, wakarudi nyuma wakikimbia. Bametega mine kilima muzima. Imeandikwa na herufi kubwa."

Nilitaka kusema. Mungu anajua, mdomo ulishafunguka. Lakini watu walipiga magoti kushukuru, wakasema basi nyumba zetu hazitachomwa, maana hakuna atakayethubutu kupanda. Ningewaambia nini? Siku ile nilinyamaza kwa woga. Mwaka ule nilinyamaza kwa sababu ilitusaidia. Miaka iliyofuata nilinyamaza kwa haya tu, na haya ni kitu kinachonenepa bila kulishwa. Halafu likaja jeep moja jeupe la watu wa misaada, wakapiga picha, wakapanga mawe na kuyapaka rangi nyekundu, na tangu hapo Kibutare ikaingia kwenye karte, zile ramani zao, na alama ya fuvu.

Na watu nao hawakukaa bure. Buhendwa, jirani yetu wa kule juu, kidole chake kikubwa cha mguu hakipo. Akasema ni mine. Muzee Habarurema, mfugaji, anayeshusha fromage, jibini tamu kuliko zote za soko la Birere, alikuwa anasimulia jinsi mine ilimlipua ng'ombe wake Gaju, pembe moja ikaruka mpaka Sake. Kila Noeli ile pembe ilikuwa inaruka mbali zaidi.

Ushahidi wangu, lile bati refu, nilikuwa nimelifanya mlango wa jiko. Volkano ya 2002 ikaja ikalibeba pamoja na jiko, nyumba, na cherehani ya Joyeuse, mke wa mwanangu, ambaye mpaka leo akitaja cherehani ile anavua kitambaa cha kichwa kama mtu msibani. Tukajenga tena juu ya mawe ya volkano hiyohiyo. Goma haulimi, Goma unapasua. Maharagi ya mama yangu nilikuwa napanda kwenye mabeseni, kila mwaka beseni mbili, mbegu isife. Nilikuwa na miaka sabini na moja na nilitaka kitu kimoja tu kabla ya kuitwa: kuweka mbegu ile kwenye udongo mwekundu na mikono yangu mwenyewe.

Basi mwaka 2015 akafika Ingénieur Florent.

Alitoka Lubumbashi, kijana wa adabu, tumbo limeanza kidogo, viatu virefu vinavyong'aa. Alikuja na jeep jeupe. Ninyi mnajua Goma: ukiona jeep jeupe, unatafuta kwanza jina lako kwenye liste ya misaada. Kabla hajazima gari, tulikuwa tumejaa kiwanja cha Zéphirin kule Katindo, kila mtu ameketi juu ya jiwe lake. Habarurema alikuwa ameacha fromage zake sokoni.

"Wazazi wangu," akasema Florent, "nimekuja juu ya mine za Kibutare."

Kiwanja kizima kikavuta pumzi. Buhendwa akavua kiatu palepale.

"Ni kweli ziko?"

"Ziko!" wakajibu wote. Mimi nilifungua mdomo bila sauti, kama ninavyofanya kwaya ikiimba Kilatini.

"Ziko mingi?"

"Kilima muzima, patron," akasema Zéphirin. "Toka mutoni mpaka kule juu kabisa."

Florent akaandika haraka, anatabasamu. "Na ziko chini sana? Mutu anachimba metre ngapi?"

Habarurema akacheka. "Kuchimba? We mutoto, hauchimbe. Unakanyaga tu."

"Juu juu namna ile!" Florent akajipiga paja. "Mungu ni mwema!"

Tukaangaliana.

"Na kuko mutu alishazipata?"

"Miye!" Buhendwa akainua mguu mbele ya uso wake. "Nilipata moja, ikaenda na kidole."

"Pole sana, papa. Ni ajali ya kazi. Tutagawa viatu vigumu kwa kila mutu."

"Miye ilinipata ng'ombe," akasema Habarurema. "Pembe ilipita Sake, ikaangukia ziwani."

Florent akamwangalia kidogo, akaandika nusu, akafuta. "Wazazi, musiogope tena. Tutazitoa zote. Tutapakia kwenye malori, tutapitisha mpakani Bunagana, tutauzisha inje."

"Mutauzisha?" Joyeuse akasimama. "Kwa nani?"

"Kwa yeyote. Wachina, Wahindi. Dunia nzima inazitafuta!"

Zéphirin akafanya ishara ya msalaba, akasema kwa upole kama mtu anayeungamisha mgonjwa: "Mwana wangu, hatujateswa vya kutosha hapa, mpaka mutake kutesa hata Wahindi?"

Ikachukua nusu saa kufungua fundo lile. Florent anasema mine ya chuma, Buhendwa anasema ndiyo, chuma ndicho kiliruka kikamkata. Florent anasema mahali pa kazi, Zéphirin anasema kazi ya shetani. Mwishoni Joyeuse ndiye alielewa.

"Wee papa! Unasema kariere?"

"Kwetu Lubumbashi tunasema mine!"

"Hapa mine ni bomu!"

Yule mtoto wa watu, rangi ilimtoka. Akafunga kalamu. Akavuta miguu yake chini ya kiti, kama vile bomu linaweza kuwa hapohapo Katindo. Akatueleza taratibu kwamba sosiete yake, kampuni ya kuchimba, ilikuta Kibutare kwenye karte ya zamani. Ilitaka kufufua pale: kutengeneza barabara, kuleta walinzi, kuandika kazini wenyeji wa kilima kwanza. Lakini ilikuwa na vilima viwili vya kuchagua, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Kilima chenye mabomu, hapana. Kusafisha ni miaka.

"Poleni, wazazi. Nitaandika kwamba Kibutare haiwezekane."

Ilikuwa Jumanne. Nikaona barabara ile inafungwa kabla haijazaliwa, nikaona mabeseni yangu mawili. Nikasimama.

"Hakuna mine," nikasema. "Ni miye. Nilivunja bati."

Nikawaambia yote: jembe, mvua, maharagi, jina la nyumbani. Nilipomaliza nilingojea wanipige mawe, maana mawe hayakukosekana pale. Lakini wakaniangalia kwa huruma, na hiyo ikaniuma zaidi.

"Koko amechoka," akasema Zéphirin. "Mupatie maji."

"Sikuchoka! Lilisema mines de fer, miye nilibeba de fer!"

"Na Gaju wangu," akasema Habarurema, "alikufa na nini? Na herufi?"

"Na kidole yangu?" akasema Buhendwa. "Ilisoma?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Florent peke yake hakucheka. Akanisogelea. "Mama, nakuamini. Lakini nitaandika nini kwenye raporo? Koko mumoja alisema?"

"Unipeleke kule. Utapiga picha ya lile bati, utaona mahali lilivunjika."

"Picha, sawa. Lakini kupanda, hata mutu mumoja hapandi."

"Nani amesema kupanda?" nikamjibu.

Alhamisi asubuhi tukaondoka. Mbele kwenye jeep niliketi mimi, kwa heshima ya magoti yangu. Nyuma walibanana Joyeuse, Zéphirin, Buhendwa, na Habarurema, ambaye hakualikwa lakini alisema hawezi kuacha wazee wenzake waende kwenye hatari bila mtu anayezijua mine. Alikuwa na jasho toka Sake, na kule ni baridi.

Njiani nikamjaribu Florent, maana mtu simwamini kabla sijajua anavyofikiri. Nikamwambia: "Niko na binti. Alizaliwa mwekundu. Akapita motoni, akaolewa mweusi, akang'aa, wanaume wakampigania. Alipozeeka, wakamwacha inje kwenye mvua, akarudia wekundu wake wa utoto. Ni nani?"

Hakufikiri hata kona moja. "Ni chuma, mama. Udongo wake, kisha jembe, kisha kutu."

"Huyu atachimba," nikamwambia Joyeuse.

Tuliacha jeep barabarani tukatembea. Saa sita kasoro tukafika. Nguzo ilikuwepo, imeinama kama mlevi anayesali. Mawe mekundu yalikuwepo, rangi imebaki upande mmoja. Na lile neno langu, MINES, limeliwa na kutu pembeni, pale jembe lilipopita. Florent alipiga picha akiwa mbali, amenyoosha mikono, amefumba jicho moja. Ukingo ulionekana umekatwa, ndiyo, lakini bati la miaka sabini na zaidi linaweza kukatwa na chochote.

"Haitoshe, mama," akasema. "Acha nitafute réseau ya simu nipigie mukubwa." Akapanda kajiwe, akaanza kuinua simu juu kama padri na kikombe.

Nikashika fimbo yangu, nikapita kati ya mawe mekundu.

"Mama!" Joyeuse alipiga kelele. "Mama Élisabeth! Rudi!"

"Nitarudi mangaribi."

"Weye ndiye uko na ufunguo ya nyumba!"

Nikamtupia ufunguo. Nikasikia Zéphirin ameanza sala ya wanaokufa, na Buhendwa anamwuliza pole pole kama kile kikwembe changu kipya cha kufunga kiunoni kina mrithi tayari.

Nawaambia sasa, kwa sababu leo naweza kucheka: niliogopa. Mimi sikutega kitu pale, hilo nilijua. Lakini kati ya 1996 na siku ile wangapi walipita Masisi na mifuko yao? Nani aliniambia hakuna mwingine aliyesoma neno langu akalipenda, akalifanya kuwa kweli? Kila hatua nilitanguliza fimbo, nikafumba macho, nikaweka mguu. Hatua ya kumi na mbili nikaomba msamaha kwa Mungu. Ya ishirini nikaomba kwa Ézéchiel. Ya thelathini nikachoka kufumba macho, nikayafungua.

Ndipo nikaona njia.

Miaka kumi na tisa bila mtu, njia ya Masisi inapaswa kuwa msitu. Hii ilikuwa safi. Nyasi pande zote zilikuwa fupi, sawa sawa, kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Na mbele yangu, katikati kabisa, pana kama sinia, kulikuwa na kitu. Nikainama. Nikaweka kidole. Kilikuwa vuguvugu.

Sijawahi kufurahia mavi namna ile.

Nikageuka, nikawapigia kelele kule chini: "Munajibu?"

Nani anajibu vitendawili siku ya kifo? Lakini Buhendwa ana ugonjwa huo kama mimi. "Lete!" akaita.

"Kuko mwandishi hapa juu. Hakusoma hata mwaka wa kwanza. Anatembea anaacha barua za duara, moja huku, moja kule, na anayefungua barua yake wa kwanza ni inzi. Ni nani?"

Buhendwa alikunja uso, akahesabu vidole, vile vilivyobaki. Halafu akaruka. "Ng'ombe!"

"Na barua hii ni ya leo asubuhi!"

Vichwa vyote viligeuka pole pole, kama alizeti, vikamwangalia muzee Habarurema.

"Pengine ni nyati," akasema Habarurema.

"Nyati wa wapi?" akasema Joyeuse. "Tangu lini Masisi iko na nyati?"

"Ya parke ya wanyama. Zinatembea sana wakati wa vita, zinakimbia kama batu..."

Hapo kengele ikalia. Kengele ndogo ya shingoni, ting, ting, kutoka juu ya bega la kilima. Na ng'ombe mmoja mwekundu mwekundu, mnene, pembe zimetoka kama mikono ya mtu anayekaribisha, akateremka njiani. Akanipita bila salamu. Akakanyaga kushoto, akakanyaga kulia, akapita palepale penye fuvu la karte, akavuka mawe mekundu, akaenda moja kwa moja kwa Habarurema na kumlamba shingo.

"Huyu ndiye Gaju aliyelipuka?" akauliza Zéphirin.

"Apana," akasema Habarurema, uso umelowa ulimi. "Ni... ni mujukuu yake."

Ndipo yakatoka. Mwaka 1998 Gaju alipotea, akapanda kilima, akarudi baada ya wiki moja amenenepa. Habarurema akamfuata kwa kunyata, akakuta majani ya kilima kizima bila mwenyewe. Na kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuulizana kama mine zile hazijazeeka, akamlipua Gaju kwa mdomo.

Zéphirin alivua kofia, akaitupa chini, akaiokota, akaitupa tena. "Miaka kumi na saba! Watoto wangu wanaota majiwe kwenye mugongo, weye unalisha ng'ombe hapa? Ile fromage tunakula kila Noeli... ni majani yetu!"

"Miye nilisema tu," akajitetea Habarurema. "Nani aliandika? Muulize Koko! Yeye ndiye aliandika!"

"Sikuandika kitu!" nikaita toka juu. "Nilipunguza!"

Wakatugawia matusi nusu kwa nusu, mimi na Habarurema, na kusema haki sehemu yangu niliipokea yote. Joyeuse alinikumbusha cherehani; nikasema volkano siyo mimi; akasema kama tungekuwa huku volkano ingempata nani? Nilisema nisameheni, na mara hii hakuna aliyeniletea maji.

Lakini mnadhani walipanda? Hata! Wote walibaki nyuma ya mawe.

"Ng'ombe ni ng'ombe," akasema Zéphirin. "Iko na miguu ine, inagawanya uzito. Na Koko ni mwepesi. Lakini mine ilimukata Buhendwa kidole, ile tuliona na macho."

Sote tukamwangalia Buhendwa. Na hapa namheshimu. Angeweza kunyamaza, na kilima kingebaki na hofu ya kidole kimoja, na hofu ya kidole kimoja ilitosha kwa Florent kuondoka. Alitazama nyasi. Alitazama kule shamba lake lilipokuwa, na mti wake wa avoka umekuwa mkubwa kama kanisa. Akatema mate.

"Ilikuwa jembe," akasema. "Nilikuwa nimekunywa."

"Lakini ulituambia..."

"Muke wangu alikuwa amenikataza kunywa! Ningemuambia nini?"

Akavua viatu vyote viwili, akapita mawe mekundu, akaweka mguu wenye vidole vine pale nilipokuwa nimeweka wangu. Nyuma yake akaingia Habarurema, maana walimsukuma. Nyuma ya Habarurema, Zéphirin na sala yake, amerudia mwanzo. Kisha Joyeuse, ameshika ufunguo mbele kama msalaba. Na nyuma ya wote Florent, simu mfukoni, viatu vyake vinavyong'aa vinatafuta alama ndogo za kandambili zangu. Mstari mmoja, kila mtu anakanyaga palepale pa mwenzake, mikono imenyooshwa pembeni, kama bata wanaofundishwa kuvuka barabara. Ng'ombe akasimama chini anawashangaa.

Tulipanda namna hiyo mpaka kwenye shimo la vyura. Florent akachukua jiwe jekundu, akatoa sumaku toka mfukoni, na jiwe likairukia na kushikamana nayo kama mtoto aliyeona mama yake. Akalibusu, jiwe. Akafungua daftari lake na kuandika palepale, huku anasoma kwa sauti ili sote tuwe mashahidi: "Mine: iko. Mine: hakuna." Akafikiri kidogo. "Mukubwa atasema nimelewa."

"Ongeza kidogo," nikamwambia. "Andika: angalia picha ya ng'ombe."

Akashuka kwa hatua zake zilezile kwenda kumpiga picha.

Mimi nikaenda kwenye shamba langu. Siyo mbali na shimo, chini ya vile vigari viwili. Udongo ulikuwa mwekundu vilevile, umenenepeshwa na mavi ya miaka kumi na saba, hilo nalazimika kumshukuru Habarurema, ingawa yeye sikumwambia. Nikaketi chini, nikafungua kona ya kikwembe changu, mlimokuwa na maharagi ya madoa kama kiganja kimoja, nikaanza kutoboa mashimo na fimbo. Wengine walibaki njiani katika mstari wao, wanaogopa kuuacha, wanabishana nyumba ya nani ilikuwa wapi, wananyoosha vidole lakini hawanyooshi miguu.

"Mama," akaita Joyeuse toka kwenye mstari, "tutakula nini leo?"

"Sijui. Miye napanda."

Akaguna. Akaangalia huku na huku. Ukingoni mwa shamba, kama hatua kumi kutoka njiani, lengalenga, ule mchicha wetu, zilikuwa zimejiotea zenyewe, nene, majani mapana kama sikio la mbuzi. Nilimwona anaziangalia. Nilimwona anauangalia mstari. Halafu akafunga kikwembe vizuri kiunoni, akasema maneno fulani juu ya mama mkwe wake ambayo sitayarudia, akatoka njiani, akatembea katikati ya nyasi bila kuangalia chini, na kuanza kuchuma.